KIOO KIPYA SI DAWA YA KILA UGONJWA

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia kila nisikiapo ushauri wanaopewa wenye Game Boy kuukuu, kile chombo cha michezo cha mkononi ambacho Nintendo ilianza kukiuza kule Japani mwaka wa 1989. Ati kioo kikileta shida kidogo tu, ng'oa, tia kipya kinachong'aa! Mimi napinga.

Kwanza, si kila kioo chenye kasoro kimekufa. Ugonjwa unaojulikana sana ni mistari ya wima kutoweka. Mara nyingi sababu ni kwamba utepe mwembamba unaopeleka umeme kwenye kioo umebanduka kidogo pale ulipounganishwa. Fundi mwenye mkono mtulivu hupitisha chuma cha kulehemu juu ya kiungo hicho, polepole, bila moto mwingi, na mistari hurudi. Wengine hulaumu kioo kumbe kilichokwaruzika ni ile plastiki ya juu tu, nayo hubadilishwa peke yake. Sasa hapo kioo kina kosa gani?

Pili, husemwa kwamba kioo hicho ni hafifu: hakina taa, na kina vivuli vinne tu vya kijani. Ni kweli, lakini huo haukuwa uzembe. Gunpei Yokoi, mmoja wa waliokibuni chombo hiki, alipendelea vifaa vilivyozoeleka na vya bei nafuu. Bila taa, betri nne ndogo zilidumu zaidi ya saa 10. Mpinzani wake, Game Gear ya Sega, alitokea mwaka wa 1990 akiwa na rangi na taa, lakini alimaliza betri sita kwa saa chache tu. Nani aliyeshinda sokoni? Game Boy, pamoja na ile ya rangi ya mwaka wa 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Tatu, vioo vipya vyenye taa hula umeme zaidi, na vingine hudai plastiki ya ndani ikatwe ndipo vikae. Hapo maji yamekwisha mwagika, hayazoleki.

Je, nasema kioo kipya ni haramu? La hasha! Kioo kikipasuka na doa jeusi likatanda, badilisha ucheze. Hata asiyeona vizuri bila mwanga ana haki yake. Chombo kilichofungiwa sandukuni hakimfai mtu.

Wanachama wenzangu, ombi langu ni moja: tuchunguze, turekebishe, na tukishindwa ndipo tubadilishe. Na tukibadilisha, kile cha zamani tukihifadhi, tusikitupe. Anayerekebisha hujua chombo chake kinavyofanya kazi. Anayekimbilia kipya hujua bei tu.