Kusikia si Kuona

Mkate uko mezani. Mtoto anaukata, anaula, kisha anakwenda shuleni. Akiulizwa, "Mkate huu umetoka wapi?" hujibu, "Umetoka dukani." Jibu lake si la uongo, lakini ni fupi mno. Kabla ya kufika dukani, mkate ulipita mikononi mwa watu wengi. Ngano yake yaelekea ilitoka ng'ambo kwa meli, maana ngano nyingi inayoliwa Kongo hulimwa nchi nyingine. Na mafundi walioukanda walikuwa kazini usiku, wakati mtoto yule amelala.

Ndiyo sababu walimu wengine huwapeleka wanafunzi wao kutazama kiwanda cha mikate, au kiwanda cha sukari, au mahali pa kukamulia mafuta ya mawese. Wazazi wengine hawapendi. Husema: "Mtoto nimemtuma shuleni asome na ahesabu, si atembee mjini. Siku ile imepotea bure." Neno lao lastahili kusikilizwa, kwa maana wazazi hununua madaftari kwa taabu. Lakini siku ile haipotei, kama mwalimu ameitayarisha vema.

Kwanza, hesabu imo ndani ya kiwanda. Fundi wa mikate hakisii, hupima kwa mizani. Kwa kilo 100 za unga wa ngano hutia maji lita 60 hivi, chumvi kilo 2 hivi, na chachu kidogo. Akizidisha chumvi, mkate hauliki, tena chachu hufanya kazi polepole. Kisha hukata madonge na kupima kila moja. Kwa mkate mrefu mwembamba, kama ule unaopendwa Ufaransa, donge la gramu 350 hutoka tanurini likiwa mkate wa gramu 250 hivi. Gramu 100 zimekwenda wapi? Hakuna aliyeziiba. Ni maji, moto umeyageuza kuwa mvuke. Mtoto aliyeuona mvuke ule mlangoni mwa tanuru, akaupima mkate kwa mkono wake, hatasahau hesabu ya kutoa.

Pili, imo elimu ya vitu vyenye uhai. Donge likiwekwa mahali pa joto, baada ya muda huumuka na kuwa kubwa. Nani amelivimbisha? Ni chachu. Chachu ni viumbe hai, vidogo hata jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa. Hewa ile hufungwa ndani ya donge, nalo huvimba. Vitundu vinavyoonekana ndani ya mkate ni mahali hewa ile ilipokaa. Donge likiingia tanurini, penye moto wa digrii 200 na zaidi, chachu hufa. Kazi yake imekwisha.

Mtu aliyesaidia sana kuwafahamisha watu jambo hili ni Louis Pasteur, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1822. Mwaka 1854 alitumwa kuongoza shule kuu ya sayansi katika mji wa Lille, penye viwanda vingi. Yeye hakuwafungia wanafunzi wake darasani. Aliwapeleka kutazama viwanda vya jirani, hata vya nchi ya Ubelgiji. Mwaka 1856 baba wa mwanafunzi wake mmoja alimjia na shida. Mtu huyo alikuwa na kiwanda cha kutengeneza alkoli, lakini kazi yake ilikuwa ikiharibika, asijue sababu. Pasteur akaenda kiwandani mara nyingi, akachukua maji yanayochachuka, akayatazama kwa darubini ya kukuza vitu vidogo. Tangu mwaka 1857 akaanza kuonyesha katika maandiko yake kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Basi, nani atasema kwamba mwalimu huyu na wanafunzi wake walipoteza siku zao?

Wengine watasema: "Kijijini kwetu hakuna kiwanda." Hakuna neno. Jiko la mama nalo ni kiwanda. Mama huloweka muhogo mchungu majini siku tatu au zaidi. Humo majini viumbe vidogo hufanya kazi kama vile vya mikate: hulainisha muhogo, na sumu yake hutoka. Mama akilazimika kuharakisha, kwa sababu ya njaa au ya soko, sumu hubaki. Katika nchi ya Kwango watu walipatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Huwapata wale wanaokula siku nyingi muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, bila kitoweo cha kutosha. Miguu hupooza ghafula, na hata leo hakuna dawa ya kuirudisha kama zamani. Mtoto aliyemsikia fundi akisema, "Donge haliharakishwi," atafahamu pia kwa nini muhogo hauharakishwi. Fahamu hiyo yaweza kulinda miguu ya ndugu zake. Je, si somo kubwa?

Lakini wenye viwanda nao wana neno. Huogopa uchafu, tena huogopa mtoto asije akaungua au akashikwa na mashini. Wana haki. Kwa hiyo darasa zima lisiingie kwa mara moja. Waingie wachache wachache. Wanawe mikono na kufunika nywele. Mwenye kikohozi abaki nyumbani. Asiguse mtu kitu ila kwa ruhusa ya fundi. Na kila mtoto aende na maulizo yake yameandikwa katika daftari. Anayekwenda kwa ajili ya kupewa mkate wa bure atarudi na tumbo lililojaa na kichwa kitupu.

Liko jambo moja tena, nalo lapita yote. Huenda darasani yumo mtoto ambaye baba yake ni fundi wa mikate. Baba hurudi asubuhi, nguo zimejaa unga, hulala mchana. Wenzake humcheka, naye huona haya. Lakini siku wenzake watakapomwona baba yule mbele ya tanuru, akijua kwa mkono tu kama donge limekuwa tayari, kicheko kitakwisha. Nao wakirudi nyumbani hawatatupa tena kipande cha mkate chini ya meza.

Wazee walisema: "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Shule inayomwonyesha mtoto mikono ya waundaji haimtoi katika masomo, inamwingiza ndani yake.

Maulizo
1. Kwa nini mkate ni mwepesi kuliko donge lake?
2. Chachu na muhogo uliolowekwa vinafanana kwa jambo gani?
3. Ni kazi gani kijijini au mjini ambayo darasa lingefaa kwenda kuitazama, na kwa sababu gani?