Mwenyeji wa Menai

Mgeni afikaye Unguja kutaka kuwatazama nyangumi na pomboo huulizwa: aanzie Kizimkazi au Fumba? Swali hilo lina kasoro. Ghuba ya Menai, iliyofanywa hifadhi mwaka 1997, ni moja, na pomboo hawajui mipaka ya vijiji. Nyangumi wenye nundu nao, wapitao baina ya Julai na Oktoba, hawamwekei mtu miadi.

La kuchagua ni nahodha. Hadi katikati ya miaka ya 1990, pomboo wa Kizimkazi walipigwa chusa wawe chambo cha papa. Utalii ukasifiwa kwamba umewaokoa. Umewaokoa na chusa, ukawatia katika mbio: mashua kadhaa humzingira mmoja, mashine zikinguruma, watu wakijitosa juu ya kichwa chake. Huko si kutazama, ni kuwinda bila ya silaha. Fumba isiige hayo.

Mgeni na achague chombo kizimacho mashine mbali, kingojacho, na kikubalicho kurudi bila ya kuona kitu. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Menai ni pomboo; naye, kwa wageni wa namna hii, haponi.