Kigoma: wilaya moja, mabwana wangapi?

Hivi wewe kijana uliyekaa kijiweni, iwe Mwanga pale Kigoma, iwe Manzese au Kariakoo, ukiulizwa nani anaongoza wilaya ya Kigoma utamtaja nani? Usikimbilie kujibu, ndugu yangu. Swali hili limewashinda hata wanaolipwa mshahara na wilaya yenyewe.

Tuanze na ramani, maana mtu asiyejua shamba lake hawezi kujua mipaka imesogezwa lini. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na wilaya 3 tu kwa miaka mingi: Kigoma, Kasulu na Kibondo. Mwaka 2012 zikazaliwa Uvinza, Buhigwe na Kakonko. Wilaya zikawa 6, lakini halmashauri ni 8. Kasulu ina mbili, ya Mji na ya Wilaya, na Kigoma nayo mbili: Manispaa ya Kigoma Ujiji na Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, ile tuliyozoea kuiita Kigoma Vijijini. Mkuu wa Wilaya ni mmoja juu ya zote mbili.

Sasa tazama kichekesho. Halmashauri ya Vijijini ilikaa miaka na miaka na ofisi zake mjini, kwenye ardhi ya Manispaa. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi akitaka kumwona mkubwa wake alipanda gari kwenda kwenye mji ambao si wa halmashauri yake, akala mgahawani mjini, akalala gesti ya mjini, ushuru wa vyote hivyo ukabaki mjini. Ndivyo ilivyokuwa wilaya nyingi nchini, mpaka mwaka 2019 Rais Magufuli alipoamuru halmashauri zilizojibanza mijini zihamie kwa wananchi wake. Amri nzuri, sikatai. Lakini jiulize, kwa nini ilihitaji amri ya Rais? Madiwani wa vijijini walikuwa hawaoni?

Huyo wa Kalinzi ana nafuu, ana barabara. Shuka ziwani. Mtu wa Mwamgongo, kaskazini ya hifadhi ya Gombe, safari yake ya kwenda mjini ni boti mpaka mwalo wa Kibirizi, na ziwa likichafuka analala alipo. Mbele zaidi kuna Kagunga, mpakani na Burundi. Mwezi Mei 2015 wakimbizi makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kipindupindu kikaingia, kikaua. Namna ya kuwatoa ilikuwa maji tu, na meli iliyofanya kazi kubwa ni MV Liemba, ile ile iliyotiwa majini Kigoma na Wajerumani mwaka 1915. Yaani karne nzima imepita, na kijiji cha mpakani kilikuwa kinaokolewa na meli ya Kaisari!

Kusini ndiyo usiseme. Uvinza ni wilaya kubwa kuliko zote mkoani, imebeba chumvi ya Uvinza, mdomo wa Malagarasi pale Ilagala, na milima ya Mahale yenye sokwe wanaofuatwa na watalii kwa dola. Makao ya halmashauri yapo Lugufu, ilipokuwa kambi ya Wakongo. Mvuvi wa Kalya anayetafuta muhuri Lugufu anaijua safari hiyo mfukoni kuliko miguuni.

Sasa turudi kwenye swali. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais, na sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 akiona amani iko hatarini. Mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika fedha na watumishi, naye anateuliwa na Rais. Diwani umemchagua wewe, lakini hana gari, hana fungu, na hawezi kumfukuza Mkurugenzi. Huyo Mkurugenzi ndiye pia akawa msimamizi wa uchaguzi. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hapana, hilo ni kinyume cha Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Mwezi mmoja baadaye ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa fomu, vyama vikajitoa, chama tawala kikazoa asilimia 99. Mwaka 2024 asilimia 99 ya vijiji tena. Hata mchele wa Ujiji hauchambuliwi ukabaki mweupe namna hiyo.

Utasema: si Kigoma Ujiji iliwahi kuchukuliwa na upinzani? Ndiyo, mwaka 2015 ACT Wazalendo walipata madiwani wengi na Meya akatoka kwao. Na walijaribu. Mwaka 2016 Manispaa ikaingia kwenye mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini, miongoni mwa serikali za mitaa 15 tu duniani. Fikiri, Kigoma mwisho wa reli ikakaa meza moja na Paris! Mwaka 2017 serikali kuu ikaitoa Tanzania kwenye mpango huo, na Kigoma Ujiji ikatoka nayo. Hakuna aliyewauliza wana Kigoma.

Na mfuko? Kodi ya majengo ilichukuliwa na TRA mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikahamishiwa kwenye LUKU. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya vijana kama wewe, ilisimamishwa Aprili 2023 kwa tamko moja bungeni, ikarudi 2024. Mwaka huo huo ziwa likafungwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Samaki wanapungua kweli, mvuvi wa Katonga analijua hilo kabla ya waziri. Ila fungu la kumlisha mvuvi huyo miezi 3 halmashauri ingelitoa wapi, wakati kila chenye harufu ya fedha kimepanda treni kwenda Dodoma?

Kuna watakaosema nchi maskini haiwezi kuachia wilaya zijiendeshe. Poland walikuwa na wilaya zao, powiat. Wakomunisti wakazifuta mwaka 1975, kila kitu kikaenda juu. Sisi tulifuta halmashauri zetu mwaka 1972 kwa jina tamu la Madaraka Mikoani, miji ikaoza hadi za mijini zikarudishwa 1978 na za wilaya 1984. Wapoland walichelewa, walirudisha zao Januari 1999, lakini waliporudisha walirudisha kweli: mwananchi wa wilaya ya vijijini anachagua baraza, baraza linamchagua mkuu wa wilaya, na baraza hilo hilo linaweza kumng'oa. Huko nako wilaya nyingi za vijijini ofisi zao zipo kwenye mji ambao si wao, kama Kigoma yetu ya zamani. Tofauti ni kwamba anayekaa ofisini anajua kura yake imetoka wapi. Kenya wamefanya kwa njia yao tangu Katiba ya 2010, kaunti 47, magavana wa kuchaguliwa. Wanaiba? Wapo wanaoiba. Lakini wanazomewa na waliowapigia kura.

Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka. Wewe uliye Kigoma, kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi kwa sheria. Siku wakikutana ingia, kaa nyuma, na kalamu mkononi hesabu mara ngapi utasikia "tunasubiri maelekezo kutoka juu".