Picha za ubongo: Kericho na Bomet zisigeuzwe shamba la data

Kwa zaidi ya miongo miwili, wakazi wa mashamba ya majani chai ya Kericho wamekuwa wakiwatolea wanasayansi damu yao. Kati ya 2003 na 2006, zaidi ya watu wazima 2,800 wa mashamba hayo walishirikishwa katika utafiti wa Ukimwi ulioendeshwa na taasisi ya KEMRI pamoja na Mradi wa Walter Reed wa jeshi la Marekani. Mwaka 2013, eneo la Kusini mwa Bonde la Ufa likaingizwa katika utafiti mpana zaidi wa AFRICOS, uliojumuisha pia Kisumu, Uganda, Tanzania na Nigeria.

Katika AFRICOS, washiriki walipimwa pia uwezo wa kukumbuka na kufikiri, kwa sababu virusi vya Ukimwi hupenya hadi kwenye ubongo. Dawa zimewawezesha wengi kuishi hadi uzeeni, na uzee umeleta swali jipya: mchuma chai mstaafu anapoanza kusahau majina ya wanawe, je, chanzo ni virusi, shinikizo la damu au ugonjwa wa Alzheimer?

Maswali ya mdomo pekee hayawezi kutenganisha vyanzo hivyo. Utafiti uliochapishwa 2013 kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wakazi wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na fahamu. Hata hivyo, kujua idadi ya wagonjwa si kujua kinachowaua ubongo.

Hapo ndipo picha zinahitajika. Mashine ya CT huonyesha damu iliyovia ndani ya fuvu baada ya mzee kuanguka, uvimbe, au maji yaliyojaa kichwani. Hali ambazo mara nyingi hutibika kwa upasuaji. MRI huonyesha sehemu zilizosinyaa na athari za mishipa midogo iliyoziba.

Kukosa maelezo hayo kuna gharama. Oktoba 2021, katika kaunti jirani ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani kwa tuhuma za uchawi. Pasipo jina la kitabibu, mzee anayepotea njia usiku hupewa jina jingine.

Ulimwenguni, ushirikiano wa aina hii si mgeni. Mradi wa ADNI, ulioanzishwa Marekani mwaka 2004, hugawia watafiti wa nchi nyingi picha za ubongo. Kasoro ni kwamba wengi wa waliopigwa picha hizo ni Wamarekani weupe. Vipimo vya ubongo wenye afya vinavyotokana nazo havina hakika ya kumfaa mkulima wa Sotik au Litein.

Kwa hivyo Kericho na Bomet zina sababu ya kushiriki, na zina sababu ya kuweka masharti. Desemba 2025, Mahakama Kuu ilisitisha kwa muda uhamishaji wa data za afya chini ya mkataba uliotiwa saini kati ya Kenya na Marekani mwezi huo huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzitambua data za afya kuwa nyeti. Picha ya MRI ni nyeti zaidi: hata jina likifutwa, sura ya mtu yaweza kuundwa upya kutokana nayo.

Lipo pia suala la ridhaa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kutia saini kwa kuelewa. Familia yapaswa kushirikishwa tangu mwanzo, kwa lugha inayoizungumza.

Vifaa navyo visalie. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Mbarara nchini Uganda kiliunganisha mashine ya MRI ya sumaku dhaifu, nafuu kuliko za kawaida, kwa ushirikiano na wataalamu wa Marekani na Uholanzi. Wenyeji walijifunza kuiunda, si kuitumia tu. Huo ni mfano unaofaa kuigwa, ili majibu yamfikie daktari wa Tenwek au wa hospitali ya rufaa ya Kericho kabla ya kufika katika jarida la ng'ambo.

Chai nyingi ya Kenya huuzwa nje ikiwa haijapakiwa, na faida kubwa huvunwa huko iendako. Picha za ubongo wa waliochuma chai hiyo hazifai kufuata njia iyo hiyo.