Corona ilitoka wapi? Kwa nini jibu linazidi kusogea mbali

Sokoni au maabara? Tangu mwaka 2020 swali hilo limebishaniwa vijiweni, kwenye makundi ya WhatsApp na hadi Ikulu ya Marekani.

Juni 27, 2025, jopo la wataalamu lililoundwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, kulitafutia jibu lilitoa ripoti yake. Waliosubiri jina la mkosaji hawakulipata. Jopo lilisema ushahidi uliopo unaelemea upande wa wanyama: virusi vilitoka kwa popo, ama moja kwa moja au kwa kupitia mnyama mwingine, vikamwingia binadamu. Kuhusu maabara, lilisema haliwezi kuichunguza dhana hiyo wala kuifuta.

Kwa nini? Kwa sababu China haikutoa kilichoombwa. WHO iliomba mamia ya taarifa za vinasaba vya virusi kutoka kwa wagonjwa wa mwanzo, maelezo zaidi ya wanyama waliouzwa katika masoko ya Wuhan, na taarifa za kazi na usalama katika maabara za mji huo. Hadi ripoti inatoka, havikuwa vimetolewa.

Na hapa ndipo penye shida yenyewe. Ushahidi wa aina hii haukai ukimsubiri mtu.

Soko lililosafishwa

Soko la Huanan lilifungwa Januari 1, 2020, siku moja tu baada ya WHO kupata habari za homa ya mapafu isiyojulikana Wuhan. Kulifunga ilikuwa sahihi, watu walikuwa wanaugua. Lakini soko likapuliziwa dawa, na wanyama hai waliokuwa wakiuzwa pale hawakuwepo tena wachunguzi walipofika.

Wanasayansi wa China walikusanya sampuli zaidi ya 1,300 pale sokoni na maeneo ya jirani. Zilizochukuliwa sakafuni, kwenye mabanda na kwenye mifereji ya maji machafu, 74 zilikutwa na virusi. Za wanyama, hakuna hata moja. Ila wanyama aliokuwa akishukiwa zaidi, mbwa rakuni, mnyama wa jamii ya mbweha anayefugwa China kwa ajili ya manyoya, hawakuwemo kabisa kwenye orodha ya waliopimwa.

Machi 2023 ikatokea bahati. Mtafiti wa Ufaransa, Florence Débarre, alikuta data ghafi za sampuli hizo zimewekwa kwenye hifadhi ya kimataifa ya vinasaba. Yeye na wenzake wakazipakua haraka. Ndani yake kulikuwa na vinasaba vya mbwa rakuni, kwenye mabanda yale yale yaliyokuwa na virusi. Muda mfupi baadaye data zikaondolewa.

Je, hiyo inathibitisha kwamba mbwa rakuni aliambukizwa? Hapana. Inathibitisha kwamba alikuwepo, mahali pale, wakati ule. Ni kama kumkuta mtu eneo la tukio: una sababu ya kumhoji, huna sababu ya kumfunga. Na safari hii wa kuhojiwa hayupo tena.

Upande wa maabara nao hauko vizuri zaidi. Januari 2025 CIA ilisema inaelekea kuamini virusi vilitoka maabara, lakini ikaongeza kwamba uhakika wake ni mdogo. Miezi miwili baadaye vyombo vya habari vya Ujerumani vikafichua kwamba idara ya ujasusi ya nchi hiyo ilifikia hitimisho kama hilo tangu 2020. WHO imeziomba serikali zitoe ripoti zao za kijasusi. Kumwambia mtu "tunajua" bila kumwonyesha unachojua si uchunguzi. Na hilo Washington inaidai Beijing kila siku.

Mgodi wa Kitaka

Kwamba asili ya ugonjwa inaweza kupatikana, Afrika Mashariki inajua vizuri. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Wanasayansi hawakungoja. Waliingia mgodini, wakakamata popo wala matunda, wakavipata virusi hai ndani ya popo wenyewe, vikifanana sana na vya wachimbaji. Takriban popo 5 kati ya 100 walikuwa navyo.

Kilichofuata kinasimuliwa kwa nadra. Popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Baada ya miaka michache wengine wakahamia, na walipopimwa mwaka 2012, walioambukizwa walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa mwanzo. Mwaka huo huo Marburg ikalipuka tena eneo hilo.

Rwanda nayo ilipopata mlipuko wake wa kwanza wa Marburg, Septemba 2024, ilimfuatilia mgonjwa wa kwanza hadi kwenye mgodi wenye popo. Ilifanya hivyo ndani ya wiki chache, wakati mgodi, popo na waliomhudumia mgonjwa bado wapo.

Anayesema kwanza

Sasa kwa nini serikali yoyote isite kusema? Hili si la China peke yake. Januari 2025 WHO ilipotangaza kuwa inashuku Marburg mkoani Kagera, Tanzania ilisema vipimo havijaonyesha ugonjwa huo. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus.

Utalii, ndege, biashara ya mpakani: kila waziri wa afya anajua gharama ya kutangaza. Na kama alikuwa na shaka, Afrika Kusini ilimwonyesha.

Novemba 24, 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini waliiarifu WHO kuhusu aina mpya ya kirusi cha corona iliyokuja kuitwa Omicron. Walifanya kile ambacho dunia inailaumu China kwa kutokifanya: walisema mapema na wakaweka data wazi. Ndani ya siku mbili Uingereza na Umoja wa Ulaya walikuwa wameanza kusimamisha safari za ndege. Marekani ikafuata, ikazuia wasafiri kutoka nchi nane za kusini mwa Afrika.

Wiki iliyofuata Uholanzi ikagundua kwamba Omicron ilikuwamo kwenye sampuli zake za Novemba 19 na 23, yaani kabla Afrika Kusini haijatangaza. Uholanzi haikuongezwa kwenye orodha hiyo ya Marekani.

Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa kukabiliana na majanga ya maambukizi. Sehemu ngumu kuliko zote, ya nani atoe sampuli za virusi na atapata nini kwa kuzitoa, iliachwa ijadiliwe baadaye.