Aleji ya salfa na suruali nyeusi

Mtoto akivimba au kubabuka ngozi baada ya kumeza Septrini au SP, mzazi huambiwa ana "aleji ya salfa". Tangu hapo kila kitu chenye jina hilo huwa adui. Mzazi wa Tunduma, mji unaopokea nguo za kila aina mpakani na Nakonde, akisikia kwamba suruali nyingi nyeusi za pamba hutiwa rangi za salfa, lazima ajiulize kama mwanawe azivae.

Azivae. Aleji ile ni ya dawa za kundi hilo, si ya salfa yenyewe, ambayo imo kwenye mayai, vitunguu, hata nywele za mtoto huyo huyo. Cha kufanya ni kumtajia mhudumu wa afya kila uendapo kutibiwa. Mama mjamzito naye aseme kliniki kabla ya kupewa SP.

Unga wa rangi ya salfa hauyeyuki kwenye maji. Kiwandani huchanganywa na sodiamu salfaidi, ukayeyuka na kupenya kwenye nyuzi za pamba. Nguo ikikutana na hewa, rangi hurudia hali yake ya kutoyeyuka na kunasa humo humo. Ndiyo maana nguo hiyo hustahimili sabuni lakini huharibiwa na jiki. (Wanunuzi wa mitumba wajue pia: ikikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, salfa iliyobaki hugeuka asidi na kuozesha pamba, suruali ikachanika kama karatasi. Hapo kinachoumia ni mfuko.)

Sare mpya ikimwasha mtoto, shuku kwanza rangi za poliesta na dawa za kuzuia mikunjo. Ifue kabla hajaivaa. Upele ukiendelea, mpeleke zahanati.

Hofu yetu sisi iko kwenye sufuria ya rangi. Watengenezaji wa batiki hutumia kostiki soda na haidrosalfaiti, kwa kanuni ile ile ya kuyeyusha rangi kisha kuirudisha. Kostiki hiyo hiyo hutumika kwenye sabuni. Iliyoyeyushwa inafanana na maji, na kuiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa ni kumtegea mtoto. Maofisa afya wakague wanaoipima rejareja, na isiuzwe bila lebo.

Anayetumia sodiamu salfaidi asiichanganye kamwe na siki, ndimu wala maji ya betri. Hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza inayoweza kuua, na ikizidi pua huacha kuisikia, mtu akadhani imeisha. Baridi ya Juni na Julai hushawishi watu kufunga milango. Kazi hii ifanyike nje.

Mtoto akimeza kostiki, usimtapishe, maana itaunguza koo mara ya pili ikirudi. Usimpe ndimu wala siki. Msuuze mdomo, umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama ameacha kulia: koo lililoungua linaweza kuziba wiki kadhaa baadaye. Ikimwingia machoni, mmwagie maji safi mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, ndipo muondoke kwenda hospitali.