Msiwajibie Watoto Kiingereza

Kuna ukarimu umeingia huku kwetu Kilwa, Mwenyezi Mungu atunusuru nao. Mtoto anarudi shule na kazi ya Kiingereza, hata sare hajavua, mbio kwa kaka, kwa shangazi, kwa jirani aliyefika kidato cha nne: "Nijibie." Naye kwa huruma zake anajibu. Namba moja B, namba mbili A, namba tatu D. Kesho mwalimu anatia vema, mzazi anafurahi, mtoto hajui kitu.

Kutoa tumekurithi, sikatai. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa kutoa. Hata nguo zake za mwilini alimvulia fakiri aliyemwomba baada ya sala ya Ijumaa. Lakini nguo mtu hupewa akavaa akaenda zake. Elimu haivaliki hivyo. Na ya kuazima, wazee walishasema, haisitiri matako.

Juzi hapa Kivinje nilimshika kijana wa darasa la saba, daftari limejaa vema. Swali: "Did Asha ___ to the market?" Kachagua "go", sahihi kabisa. Nikaweka Juma badala ya Asha, shule badala ya soko, nikaondoa herufi za kuchagulia. Akaandika "went" bila wasiwasi. Nikamwuliza: lile la kwanza ulijuaje? "Kaka kaniambia B." Kwenye ufahamu ndio msiba wenyewe: habari hakuisoma hata mstari. Alirukia maswali, akatafuta neno linalofanana na la kwenye swali, akanakili sentensi nzima.

Huyu akiingia sekondari, karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kaka atakaa naye dawati moja? Au tumesahau matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata daraja sifuri hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Pinda, akaunda tume? Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ajabu ni kwamba njia tunayo. Chuoni, mwalimu wa Kurani hamsomei mtoto kisha akasema amehitimu. Mtoto anasoma mwenyewe, alifu kwa ujiti. Akikosea anarudishwa, akikosea tena anarudishwa tena. Watoto wetu wana akili, wallahi. Mtoto wa Songo Songo anayesoma Yasini bila kukwama atashindwa na kitenzi cha Kiingereza?

Na wazazi, maadamu nimeshaanza, siwaachi. Pesa ya ufuta ikitoka mnadani, spika mpya zinanunuliwa, ngoma inarindima mpaka alfajiri na mtoto asubuhi ana mtihani. Ngoma sina ugomvi nayo, nimetiwa jandoni mwenyewe. Lakini pesa hiyo ingenunua na kamusi: Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ilitoka tangu 1996. Nyumba ngapi za hapa zinayo?

Basi ndugu zangu, leo jioni mtoto akija na daftari, mwambieni asome habari yote kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili amesoma nini. Akikosea mwacheni akosee, mumwulize kwa nini. Na wewe kijana wetu unayejibia mtaa mzima, moyo wako tunaushukuru, lakini ficha kalamu.